Nilivyowapa Maksi Wauza Michembe

Tak. Tak. Tak.

Saa kumi na moja alfajiri, giza bado, mfuniko wa sufuria unagonga jikoni kwangu Rwamgasa. Maji yanachemka. Ndani hamna kitu.

Wachimbaji sitini walikuwa wanasubiri chai na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Siku yangu ya kwanza ya oda.

Wauzaji wangu watatu, hakuna aliyeleta.

Watatu, jamani. Angekuwa mmoja ningeelewa.

Kilichoniponza ni elimu. Nasoma ugavi darasa la jioni, na mwalimu alituambia tusitegemee muuzaji mmoja: wape maksi, kisha gawa mzigo. Nikachora jedwali kama mtu wa wizarani. Bei, usafi, kuwahi. Loveness nikampa magunia matano, Chacha matatu, mzee Masalu mawili.

Mama mkwe anakausha michembe kuliko kijiji kizima, ila sikumpa hata kisado. Mkwe unampimaje?

Nikampigia Chacha.

"Mama Noela, mzigo umekwama. Kuna mama tunachukua kwake, kagoma."

Loveness, hivyo hivyo.

Mzee Masalu naye hivyo hivyo. Nikamuuliza, "Mama gani huyo?"

Akakohoa. "Si ndiye mkweo huyo."

Kumbe jedwali langu lote lilikuwa mtu mmoja.

Simu ikaita. Donatus, msimamizi wa shimo.

"Dada, vijana hawashuki na njaa. Ikifika saa nne hujaleta, oda nampa mwingine."

Nikambeba mwanangu Noela, tukapanda bodaboda mpaka kwa mama mkwe. Nikapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kunisalimia au kununua?"

"Vyote, mama."

"Mkamwana wangu anauziwa michembe yangu na Chacha. Kanisani wananicheka. Kwa nini hukuniandika?"

"Heshima, mama. Mkwe hapimwi."

Akacheka puani, akaita guta. Gunia la kwanza likapanda. La pili. Mpaka la kumi.

"Wabeja, mama," nikamshukuru kwa Kisukuma, machozi yananilenga.

Ndugu yangu, kabla hujagawa oda, muulize muuzaji wako naye ananunua wapi. Watatu wanaweza kuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye uliyemruka kwa adabu.

Nikiwa nawaza hayo, Noela, miaka mitano, akamshika bibi yake kitenge.

"Bibi, mama alikuandika, akakupa maksi tatu kati ya kumi za usafi."