Mashimo ya Kobalti Chini ya Magamba

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwa ukungu wake. Zilikuwa enzi za Ujamaa, nami nikiwa kigori, na kijiji kizima tuliitwa mkutanoni, hapa hapa kwetu Lushoto, chini ya msitu wa Magamba. Kando ya mwenyekiti wa kijiji walikaa wageni wa kampuni fulani. Walitaka kuchimba mlimani wakitafuta kobalti.

Neno hilo tulikuwa hatujawahi kulisikia. Mgeni mmoja alitueleza vizuri tu, sikatai. Alisema madini hayo hutiwa kwenye injini za ndege na kwenye sumaku, na mengi hutoka Zaire. Sasa Zaire kulikuwa na vita, bei imepaa, viwanda vya Ulaya vinahangaika. Ndiyo maana walifika hata kwetu, ambako watu wa mjini walikuja kununua kabichi na peasi basi.

Shangazi yangu Mwanaidi akasimama. Nyumba yake ilikuwa mteremkoni, chini kabisa ya pale walipopataka.

"Shikamooni wazee. Hivyo vita vikiisha, nani atafukia mashimo?"

Mgeni akacheka. "Mama, dunia haiwezi kuishi bila kobalti."

"Sikuuliza habari za dunia. Nimeuliza mashimo."

Mwenyekiti akamwambia akae, asitucheleweshee maendeleo. Watu wakapiga makofi.

Wakachimba, mwanangu. Wakakata miti, wakavunja matuta tuliyoyajenga kwa pamoja. Vijana wetu walipata vibarua, na shangazi akaanza kununiwa kisimani kama mtu aliyetaka kutunyima riziki. Kisha asubuhi moja magari hayakuja. Dereva wao alipopita kuchukua godoro lake, ndipo tukaambiwa. Bei ilikuwa imeporomoka, na viwanda vilivyochoka kusubiri vilikuwa vimejifunza kutengeneza sumaku bila kobalti. Tena mlima wetu haukuwa nayo ya kutosha. Hakuna aliyetuaga.

Masika yakaingia. Mashimo yakajaa maji, na alfajiri moja mteremko ukaondoka wote. Shangazi alikuwa ametoka kukata majani ya ng'ombe. Mumewe na binti yake Zaina walikuwa ndani. Tulifukua kwa majembe mpaka tukawapata. Shangazi hakulia. Aliketi kwenye tope, akamtazama mwenyekiti, akasema, "Haya, nimekaa."

Uchungu ule haujanitoka, na sitakudanganya kwamba utanitoka.

Sasa wageni wamerudi, nawe umeshawaonyesha shamba letu. Unaniambia safari hii ni betri za simu na magari ya umeme, kwamba hitaji la kobalti halina mwisho. Huenda. Lakini ni wewe uliyenisomea kuwa wapo wanaounda betri zisizo na kobalti, na kwamba Kongo, ile Zaire ya zamani, wakizuia mzigo bei hupanda, wakiuachia huanguka. Hayo huamuliwa mbali, na anayeyaamua hajui kama Lushoto ipo.

Basi nisikilize. Wasiguse miti ya juu ya nyumba za watu. Wafukie shimo la kwanza kabla ya kufungua la pili, wangali wanakuhitaji. Wakikataa, waage kwa heshima ukapalilie viazi vyako. Na mtu akisimama mkutanoni kuuliza, hata awe mama asiyejua kusoma, mwacheni amalize.

Mungu akupe ardhi iliyotulia chini ya miguu yako, na wanao walale na kuamka salama.