Kofia ya Msemaji Wetu

Msemaji wetu wa posa, fundi cherehani wa Gatsata, hapandi pikipiki bila kuilaumu helmeti. Akishuka anaivua kama anayeepua sufuria, anatoa kofia yake ndani ya koti, anaipuliza, anaiweka kichwani kwa vidole viwili, bila kioo. Ikikaa wima, bado tunapambana. Ikilalia sikio la kushoto, tumeshinda. Mtaa mzima tunajua hivyo.

Jumamosi tulikwenda Batsinda kumposea Rwema, kijana wa mtaa wetu. Mzee wa upande wa binti alitusumbua kweli: mara binti bado anasoma, mara Rwema hawamjui. Fundi alimjibu kwa upole, kofia wima kama msumari. Kisha, mzee akiwa bado anakohoa akitafuta kisingizio kingine, vidole viwili vikapanda, ukingo ukashuka sikioni. Mama zetu wakalipuka kwa vigelegele.

“Nani amewaambia tumekubali?” mzee akafoka.

“Kofia ndiyo imesema, muzee wangu,” fundi akajibu. “Na ikishalala hivi, haiinuki mpaka tumwone bibi harusi.”

Mzee akaitazama ile kofia, akashindwa kujizuia kucheka. “Umulisa,” akaita, “toka uwasalimie wakwe zako!”