Alhamisi ya Bibi Velika

Kijijini kwetu Drenova tumebaki watu kumi na mmoja, na anayejua kulehemu nyaya ni mmoja tu, Tsenko. Ujanani alifanya kazi kiwanda cha kompyuta, enzi zile Bulgaria ilipokuwa ikiziuza mpaka Urusi. Kiwanda kilipofungwa akashika usukani wa lori, akawa mtu wa Ujerumani na Ufaransa, na mkewe Rumyana akabaki hapa na nguruwe wake. Sasa ana miaka sitini na tisa, mabega yamemshuka, na havui sweta la kijani ambalo marehemu mkewe alimfumia. Mimi ni Lazarina, mwenye duka. Duka langu ndilo baa, ndilo posta, na tangu shule ifungwe ndilo kila kitu. Namsimulia Tsenko kwa sababu ni mtu mwema, na kwa sababu nyingine ambayo nitaifikia, ingawa sina haraka nayo.

Rumyana alikufa ghafla miaka kumi na minne iliyopita. Tsenko aliwahi mazishi kwa saa moja tu, na kesho yake tajiri wake akamwita barabarani. Kwetu maiti haachwi hivihivi. Kuna siku ya tatu, ya tisa, ya arobaini, nusu mwaka, mwaka. Unachemsha ngano, unaitia sukari na kokwa za jozi, unapanda makaburini, unawasha mshumaa, unagawia watu. Arobaini ndiyo kubwa kuliko zote, maana ndiyo siku roho inaaga na kwenda zake, na roho isiyokuwa na wa kuisindikiza huondoka kama mgeni aliyefukuzwa. Siku zote hizo za Rumyana zilishikwa na jirani yake, Bibi Velika, kwa ngano yake mwenyewe na magoti yake mabovu. Tsenko alifika siku ya arobaini na tatu, akakuta mshumaa umeisha. Hakuwahi kulisahau hilo, wala hakuwahi kumaliza kushukuru.

Bibi Velika alikuwa na wafu wote wa Drenova kichwani. Anaingia dukani kununua mafuta, anakwambia, "Lazarina, keshokutwa ni miaka tisa ya Dimo fundi viatu, usije ukajifanya hujui." Na kweli nilikuwa sijui. Hakuna aliyejua; tulikuwa na yeye, ya nini kujua?

Kisha kichwa chake kikaanza kuvuja. Siku moja ya masika aliweka mayai sita juu ya kaunta, Tsenko akiwa amesimama pale pale, akasema, "Haya ya Rumyana. Akipita mpe."

Tsenko alitazama mayai. Akasema, "Nitampelekea mwenyewe, dada," akayachukua, akatoka. Bia yake ikabaki imejaa.

Wiki iliyofuata alikuja na kidude cha plastiki nyeusi, kipana kama kiganja, chenye skrini na vitufe vilivyochubuka. Binamu yake wa Vidin ni mtu wa vyuma chakavu, kampa. Ni vile vikompyuta ambavyo wapeleka vifurushi hukupa utie saini.

"Humu nitawaweka wafu," akasema.

"Kaka Tsenko, si ununue daftari? Ninalo hapa, la mistari."

"Daftari halisemi. Unalitia kwenye droo, nalo linakufa pamoja na wewe. Mimi nataka kitu ambacho kila asubuhi kinakutolea macho: leo fulani, kesho fulani. Kisimame hapa dukani kwako, kila mtu akione."

"Basi kiwashe tuone."

Alikiwasha. Kikadai namba ya siri ya kampuni iliyokwisha kufa na kufutwa. Mwenye kufuli kaenda, kufuli limebaki. Nilicheka, na Tsenko akaniambia nicheke tu, kwani ndani mna chipu ya ARM, ndugu ya zile za simu, na chipu haina bwana. Ukiinyang'anya mfumo wa zamani ukaipa Linux, ambayo ni ya kila mtu, itakutii wewe.

Haikutii. Majira yote ya joto alipanda basi kwenda mjini, maktaba, kwenye intaneti ya bure, akarudi na kadi ya kumbukumbu ndogo kama ukucha. Anaichomeka, skrini inakuwa nyeupe, basi. Alinieleza mpaka nikachoka: kompyuta kubwa hujitaja yenyewe ina nini ndani, lakini hivi vidogo havijitaji, lazima wewe uiandikie Linux orodha, skrini iko hapa, vitufe viko pale, na ukikosea mstari mmoja inakaa gizani. Akalehemu nyaya tatu kwenye ubao wake ili walau asikie inalia nini. Betri ilikuwa imevimba kama andazi, akaiogopa, akaing'oa, kikawa kinaishi kwa umeme wa ukutani tu. Siku Linux ilipowaka, ilikuwa kichwa chini miguu juu. Akageuza. Herufi zetu za Kibulgaria zikatokea vijumba vitupu. Akaitafutia seti ya herufi hizo. "Kupotea njia ndiyo kujua njia," akasema, macho mekundu. Nikamwambia kwa kupotea huko angekuwa keshafika Uchina.

Mwezi wa tisa wakaanza kuandika. Bibi Velika alikaa karibu na jiko langu la kuni, mikono mapajani, Tsenko akibofya. Kulikuwa na siku hakumtambua Tsenko, lakini ukimuuliza wafu, wanakuja mmoja mmoja na tarehe zao, wa vita, wa homa, na yule mtoto wa Gergina aliyeishi siku nne. Mia tatu na kumi na mbili. Walipomaliza akamshika Tsenko sweta.

"Wewe wa Rumyana, sivyo?"

"Ndiyo mimi, dada."

"Mimi sina mtu hapa. Binti yangu Silvena yuko Hispania, hawezi kuja. Ya tatu mniruke, ya tisa mniruke, sina neno. Arobaini msiniache peke yangu. Na iwe siku yenyewe, si Jumamosi ya karibu kama watu wa mjini. Naogopa kwenda bila mtu."

"Dada, nitakuwepo. Hata nikitambaa."

Alilia, Tsenko. Mimi nikajitia kupanga soda.

Lilibaki jambo moja, saa. Kidude kile hakikuwa na kibetri cha kukumbuka muda, na dukani kwangu intaneti haifiki. Kila kikizimwa na kuwashwa kiliamka tarehe mosi Januari, mwaka elfu moja mia tisa na sabini. Mwaka huo kina Dimo walikuwa hai, Rumyana alikuwa msichana wa shule, na nusu ya orodha yetu hawajafa. Tsenko akakitengenezea ujanja: kila dakika kinaiandika saa kwenye kadi, na kikiwashwa kinaanzia pale kilipoishia.

"Sasa nisikilize," akaniambia, kidole juu. "Kikizimika kikawashwa, saa itaonekana nzuri, kumbe iko nyuma. Wewe usikizime. Kikizimika kwa bahati mbaya, niite nije niiweke sawa. Umesikia?"

"Nimesikia, mwalimu."

"Lazarina, sitanii."

"Na mimi nimesikia, nenda zako!"

Kikakaa rafuni, kati ya sigara na chumvi. Hakikuonyesha tarehe, maana macho yetu ni ya wazee. Kilionyesha mistari miwili tu, kwa herufi kubwa. Leo. Kesho. Watu walikipenda. Asubuhi wanaingia, wanatazama, wanapiga ishara ya msalaba, wananunua mkate. Zamani angalau tulihesabu kwa vidole wafu wetu wa karibu. Tukaviacha vidole vipumzike.

Bibi Velika alikufa Jumapili ya Januari, akiwa amelala. Theluji ilikuwa magotini, tulimpandisha mlimani kwa trekta. Jioni ile Tsenko alimwingiza kwenye mashine mwenyewe, wa mia tatu na kumi na tatu, na kila alipopita dukani aliitazama kama mtu anayengoja basi.

Mwezi wa pili mjukuu wangu wa Vidin alikuwa na sherehe ya kuzaliwa. Nikaondoka Jumamosi asubuhi, na nilipofunga mlango nikashusha swichi kuu. Miaka thelathini sijawahi kuiacha nyumba bila kuishusha swichi kuu. Dada yangu aliunguliwa na nyumba kwa sababu ya waya mmoja. Mkono ulikwenda wenyewe.

Nikarudi Jumatatu mchana. Nikapandisha swichi, friji ikaunguruma, na kidude kikawaka, kikaandika majina yake kama kawaida. Nilikumbuka. Sitasema sikukumbuka. Nilisimama na koti langu nikamkumbuka Tsenko na kidole chake, nikawaza: nikimwita atanisomea hotuba, na miguu yangu ina baridi, na tazama, chenyewe kimeamka vizuri. Nikawasha jiko.

Alhamisi tulicheza karata dukani, watu wanne. Tsenko alitufunga mara tatu mfululizo akacheka, mara ya kwanza tangu Januari, mpaka akafuta macho kwa sweta. Nakumbuka nilifurahi kumwona anacheka.

Ijumaa mashine ikaandika: Kesho, Velika, arobaini. Tsenko akavua kofia. Nikachemsha ngano, nikakaanga unga wa kuinyunyizia, nikavunja jozi zangu zilizo bora. Jumamosi asubuhi tukapanda mlimani wote tulioweza kutembea, watu saba. Tsenko alipiga magoti kwenye theluji akawasha mshumaa, akasema, "Nimekuja, dada. Nimekuja siku yenyewe." Kule juu ndiko simu hushika vizuri kuliko kijijini, na yake ikalia.

Alikuwa Silvena. Tsenko akaweka sauti ya nje ili na mama yake asikie.

"Mjomba Tsenko, juzi nilikupigia kutwa nzima, hupatikani! Ilikuwaje? Watu walikuja?"

"Juzi? Silvena, mwanangu, ndiyo tuko hapa sasa hivi. Mshumaa unawaka."

"Sasa hivi? Mjomba, arobaini ilikuwa Alhamisi. Nimehesabu kwenye kalenda, nimehesabu mara tatu. Nilikwenda kanisani Alhamisi."

Tsenko akaanza kuhesabu vidole, kwa sauti, kuanzia ile Jumapili. Alihesabu wiki tano, akafika Alhamisi, akarudia tangu mwanzo, akafika Alhamisi. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la ngano na hakuna aliyenyoosha kijiko.

"Jibu basi," Silvena alikuwa analia. "Hakuna mtu aliyekuwa naye?"

"Tulikuwa tunacheza karata," akasema Tsenko.

Tulishuka na ngano yetu. Dukani akakichukua kidude, akabofya mpaka saa yake ya ndani ikatokea: ilikuwa nyuma siku mbili. Kisha akaniuliza, taratibu, wala si kwa ukali:

"Lazarina, hiki kimezimwa?"

Angenigombeza ningesema. Naapa, angepiga kelele hata kidogo, ningepiga kelele na mimi na kweli ingetoka. Lakini aliuliza kwa upole, na uso ule, nikasema, "Mimi sijakigusa."

"Na umeme? Siku ulipokuwa Vidin?"

"Nitajuaje? Labda ulikatika kijiji kizima."

"Hapana. Kwangu haukukatika." Akatikisa kichwa. "Basi ni mkono wangu. Ule ujanja wa saa. Kosa la miaka hamsini kila mtu angeliona. Mimi nikatengeneza kosa la siku mbili."

Akalivua lile sweta la kijani, akakifunga nalo, akaenda nacho. Wiki mbili alikagua kila mstari alioandika, akitafuta pale alipokosea. Hakupata, kwa sababu hapakuwa na kosa, na hakuna aliyejua hivyo ila mimi. Kisha akakitia kwenye droo. Siku hizi kila mtu anajihesabia wafu wake, na wengi wanawasahau.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina Alhamisi kumi na moja sasa. Kila Alhamisi Tsenko huja dukani kununua mshumaa, hupanda mlimani kwa miguu, hukaa huko mpaka uishe. Anasema labda roho huchelewa, labda Bibi Velika alingoja kidogo, alikuwa mwanamke mvumilivu.

Juzi mvua ilikuwa inanyesha. Nilifungua mdomo, nilikuwa nimeshayapanga maneno tangu alfajiri. Akanitangulia.

"Wewe angalau usijilaumu," akasema. "Ngano uliichemsha kwa moyo safi. Naye ameiona."

Nikamfungia mshumaa kwenye gazeti usilowe, nikamwambia aangalie, njia inateleza.