Askari Kwenye Ukuta wa Duka

Katika miaka ile ya hali ya hatari, mtu alikuwa na sababu nyingi za kunyamaza. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, na niliamini kwamba watu wasiosimuliwa yaliyowapata hawawezi kujitawala. Baraza la wilaya lilipotaka kuta zinazotazama barabara kuu ya mji wa Kisii zichorwe historia yetu kabla ya ziara ya Gavana, niliomba ukuta mmoja. Nilipewa wa duka la nguo la mzee Mwislamu, mzaliwa wa mjini.

Nilichora kwa udongo mwekundu, makaa na unga wa mawe laini yanayochongwa kwetu. Wanawake waliokuja sokoni kutoka Magwagwa walitua mizigo wakanitazama.

"Mwalimu, kwetu ukuta hupakwa na mke. Wewe umeolewa boma gani?"

"Mwacheni," mwenzake alidakia. "Mahari yake haijaisha."

Nilipomaliza, hawakucheka tena. Upande wa kushoto palikuwa na shule na barabara, kama baraza lilivyoagiza. Upande wa kulia nyumba zilikuwa zikiungua, na askari wa serikali wenye tarbushi walikuwa wakiwaswaga ng'ombe wetu. Ndivyo bibi yangu alivyoona alipokuwa msichana, akiwa amejificha kwenye miteremko ya Manga.

Asubuhi ya ziara, tarishi wa chifu alifika na ndoo ya chokaa.

"Mzee, chifu amesema upande huu ufutwe kabla Gavana hajapita. Ukibaki, leseni ya duka utaisahau. Na huyu mwalimu wako atafute jembe."

Mwenye duka alitoka nje. Akasimama mbele ya wale askari niliowachora. Nilikuwa nimejiandaa kuutetea ukweli mbele ya serikali. Kwa alichosema yeye, sikuwa nimejiandaa.

"Baba yangu aliingia mji huu na bunduki ya serikali. Tarbushi yenyewe ni hiyo."

Ndoo ilikuwa karibu na miguu yake. Akiitumia, angeokoa duka lake na heshima ya baba yake kwa pamoja, nami nisingekuwa na neno la kumlaumu.

"Ukitaka pafutwe, Mzee, nitapafuta mimi mwenyewe," nilisema.

"Ng'ombe walichukuliwa, au hawakuchukuliwa?"

"Walichukuliwa."

"Hata baba alisema hivyo." Akamgeukia tarishi. "Mwambie chifu ukuta huu una mwenyewe. Akitaka upakwe, aje aupake yeye, watu wamwone."

Tarishi aliondoka kwa haraka, ndoo ameiacha pale pale.

"Umewachora wote bila nyuso," mzee aliniambia. "Hao si watu. Yule wa mbele mpe uso. Alikuwa mwembamba, na nyusi zake zilikutana."

Nikachukua makaa. Jicho la kwanza lilienda upande. Huko chini tulisikia gari la chifu likipanda mlima, na watu waliokuwa barabarani wakaanza kujitenga na ukuta. Mzee hakusogea. Alisimama nyuma ya bega langu, akiufuata mkono wangu kwa macho.

"Masikio," alisema, "yalikuwa makubwa kuliko hayo."