Taa ya Theluji Uani kwa Mwanaidi

Saa kumi na moja jioni, jua la Korogwe bado linachoma, na Mwanaidi Mhina amepiga magoti uani kwake Manundu akifinyanga madonge ya udongo. Anayapanga kwa duara, kisha anapandisha duara jingine juu yake, dogo kidogo. Simu ameiegemeza kwenye ndoo, na haipiti dakika hajaichungulia.

"Majirani wananiona nimerukwa na akili," anasema, akielekeza kidevu upande wa ua wa pili. "Waache waone. Leo najenga taa ya theluji."

Theluji yenyewe hajaigusa maishani. Mwanaidi, mwenye umri wa miaka sitini na moja, ni mzaliwa wa Handeni, binti wa mchoma mkaa. Kazi yake ni kufasiri Kiswidi kwa Kiingereza: barua za wafadhili, maelezo ya wageni, chochote kitakachobisha hodi.

Kiswidi hakukipata darasani. Alikipata akiwa na mtoto mgongoni, alipokuwa yaya nyumbani kwa Inga, mwalimu kutoka Sweden aliyeishi Handeni na wanawe wawili, Nils na Lars.

"Mimi niliishia darasa la saba," anasema. "Mama Nils ndiye aliyenikalisha kila jioni na kitabu cha Kiingereza. Angeweza kuniambia nikaoshe vyombo. Ugali ninaokula leo ni mkono wake, na sichoki kumshukuru."

Mwaka jana Inga, aliyekwisharudi kwao Sweden, alipata kiharusi. Kiingereza kikamtoka, Kiswahili kikamtoka, akabakiwa na Kiswidi cha kijijini kwao kaskazini. Wajukuu wake, Ailsa anayekulia Skotland na Owen wa Newfoundland, Kanada, hawajui hata salamu ya lugha hiyo.

Baba zao nao Kiswidi chao kimebaki cha kuombea chumvi mezani. Michezo ya theluji wangeijulia wapi, na utoto wao uliishia kwenye vumbi la Handeni? Na bibi alitaka jambo moja tu: msimu huu wa baridi wajukuu wakija, wacheze alivyocheza yeye.

"Nils akanipigia. 'Shikamoo dada. Mama anaongea, sisi tunatazamana tu.' Nikamwambia, nirushieni sauti yake. Usiku ule nililia kwanza, kazi nikaianza asubuhi."

Kiingereza chake cha kitabuni watoto walikikataa. Kigari kisicho na magurudumu cha kutelezea kwenye theluji, ambacho Inga anakiita pulka, kina jina lake Skotland na jina jingine kule Kanada, na kila mtoto anaona mwenzake ndiye aliyepotoka.

Mwanaidi akabuni njia. Aliomba gunia la mabaki meupe ya mkonge kwenye shamba la Ngombezi, akayamwaga uani, akaburuza sinia juu yake huku akijirekodi. Akawarushia wote wawili: ninyi huko mnaiitaje hii? Kuuliza si ujinga. Kila mchezo akauandika mara mbili, Ailsa kwa Kiingereza cha kwao na Owen kwa cha kwao.

Ni taa iliyomtoa jasho. Inga alieleza kwa shida: madonge ya theluji yarundikwe, mshumaa uwekwe ndani. Hapo sauti ikakatika. Binti wa mchoma mkaa akamalizia kwa akili ya kwao: zibeni matundu yote, upepo usiingie.

Ailsa akajaribu kwao Skotland theluji ya kwanza ilipoanguka. Kila akiwasha, mshumaa unazimika.

"Nilikuwa nimewajengea tanuri la mkaa!" Mwanaidi anacheka hadi anashika mbavu. "Nils alipomwonyesha mama yake picha, yule bibi alicheka, dada yangu, alicheka! Tangu augue walikuwa hawajamsikia akicheka. Akasema, acheni matundu, mwanga upate kutoka."

Simu inaita. Kule kaskazini mwa Sweden ni saa tisa alasiri tu, lakini giza la baridi limeshaingia. Kwenye kioo anaonekana Inga kitini, amefunikwa blanketi, na wajukuu wamechuchumaa kwenye theluji, kila mmoja na karatasi yake. Bibi anasema neno, nao wanalitafuta karatasini. Ailsa anasoma, Owen anasoma, na mikono minne inaweka donge pale pale bibi anapoonyesha.

Mshumaa unawashwa, mwanga unapenya kila tundu. Mwanaidi naye anawasha wake ndani ya udongo, ingawa jua linaufanya usionekane vizuri. Inga anaisogelea simu, anaitazama taa ile ya Manundu kwa muda mrefu, kisha anaweka kiganja kifuani.

"Tack, Mwanaidi," anasema. Asante.

Mwanaidi anajibu kwa Kiswidi.

Simu ikishakatika, anajifuta uso kwa upande wa khanga. Kazi haijaisha, anasema. Mwezi ujao atapanda basi hadi Handeni, kwenye nyumba ile ya zamani, akakipige picha kichuguu kilicho nyuma yake, kama mvua hazijakibomoa. Pale ndipo Nils na Lars walipokuwa wakiteleza na kipande cha dumu, yeye akiwadaka chini.

"Hawa watoto sasa wanajua bibi yao alichezaje," anasema. "Baba zao walichezaje, nani atawaambia? Nitawaandikia mimi, kila mmoja kwa Kiingereza chake. Mimi nilikuwepo."