Madaktari wa Kunguni

Jumamosi nilihudhuria mkutano wa wazazi katika shule moja ya bweni hapa Arua. Godoro la msichana mmoja kutoka mji jirani wa Koboko lilikuwa limetupwa uani kwa sababu ya kunguni, na mama yake alikaa peke yake kwenye benchi zima.

Nesi wa shule akauliza, "Nani iko na kunguni kwa nyumba yake? Inua mkono."

Mikono yote ilitulia mapajani.

"Kwetu hapana," akasema mzee mwenye kofia. "Hiyo watu ya Koboko walirudi nayo kutoka ukimbizini Zaire."

Nesi hakubishana. "Haya. Mtu akipata, anaua namna gani?"

Ukumbi ukachangamka. "Maji ya moto!" "Toa kitanda kwa jua, gonga chini!"

Mzee akasimama kabisa. "Mafuta ya taa. Lakini unapaka na unyoya ya kuku, ndani ya kona." Kidole chake kilizunguka hewani taratibu, kama cha fundi.

Mama wa Koboko akasogea, akapigapiga benchi. "Baba, kuja kaa hapa. Sisi wawili iko na kazi moja."

Mzee akaenda, akakaa.

Mji wetu umejaa madaktari wa kunguni. Kinachokosekana ni mgonjwa.