Maji Ndani ya Akiki

Mume wangu alikuwa akilamba mawe. Sikutanii. Ukimletea jiwe lililojaa vumbi, hatafuti maji wala kitambaa. Anatoa ulimi, analilamba, kisha anatazama rangi zikijitokeza. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Ulimi, na mimi, bila kosa lolote, nikawa Mama Ulimi. Nilimkaripia hadi nikachoka. "Hujui limetoka wapi hilo!" Naye hujibu, "Ndicho ninachotaka kujua, mke wangu." Mtu wa hivyo utamfanya nini?

Chumba chetu cha mbele ndicho kilikuwa ofisi yake. Watu walimletea walichookota na walichochimba, wengine wameshajenga ghorofa kichwani, naye aliwaambia kama jiwe ni kito, kama wakusanyaji watalitaka, au kama ni la kuzuia mlango. Hakumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kipande cha chupa alikiita chupa, hata kama mwenyewe anamlilia. Wachuuzi walikuja na bahasha ili asifie mawe yao, akawatimua. "Jiwe halijanikosea," alisema, "nitalisingizia kwa nini?" Pamoja na kelele zangu zote, nilimpenda kwa hilo.

Mchana mmoja wakaja mjane na shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu. Marehemu alikuwa mchimbaji. Shimo lilimfunika, watu wakachimba wasimfikie, mwisho wakakata tamaa wakamwacha humo humo. Kitu cha mwisho alichokipandisha kwa ndoo kabla udongo haujashuka kilikuwa jiwe alilolifunga ndani ya shati lake. Kwa hiyo mjane hakuwa na kaburi la kwenda kulia. Alikuwa na hilo jiwe tu.

"Mali ya mdogo wangu ni ya ukoo," shemeji akasema. "Likiwa na thamani, tunaliuza leo. Likiwa takataka, basi, na huyu aache wazimu. Anazungumza nalo, mama! Wakati wa kula analiwekea sahani."

Mjane akalitoa kifuani polepole, akampa mume wangu.

Ulimi akalilamba, akasita. Jiwe la kweli huwa baridi mdomoni, hata siku ya jua kali. Hivyo ndivyo alivyolitenga na chupa. Nikamwona anajifuta midomo, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Lina joto," akasema.

"Si lilikuwa kifuani kwa mwenzako," nikamjibu haraka. Nilitaka iwe hivyo.

Akawasha taa ya mezani akaliweka mbele ya mwanga. Ilikuwa akiki, kito kinachopitisha mwanga, upande mmoja mwembamba kama ukucha, na ndani yake mlikuwa na maji, yaliyofungiwa humo kabla hajazaliwa mtu wa kuyanywa. Humo kilielea kiputo cha hewa, kikubwa kama punje ya mahindi. Ukilitikisa, lilitoa mlio mdogo: tok, tok.

Kiputo hukaa juu, popote palipo juu. Hiki kilikuwa kimejibana pembeni, upande aliokaa mjane. Ulimi akaligeuza jiwe. Kikateleza taratibu, kikarudi upande ule ule.

"Meza imeinama," akasema, akachuchumaa kuchomeka karatasi chini ya mguu wa meza.

Simu ya shemeji ikalia, akatoka nje kuipokea. Mjane akainuka, akazunguka meza, akaja kusimama upande wetu. Kiputo kikamfuata. Sikusimuliwa, nimeona kwa macho yangu haya mawili, na hata leo ukiniuliza nitakuapia.

"Kaka, nakuomba," mjane akanong'ona. "Sema halina thamani. Wakiliuza nitabaki na nini? Humu ndimo anamopumulia."

Ulimi akalitazama tena jiwe. Akaninong'oneza mimi. "Mke wangu, tangu nianze kazi hii sijaona kama hili. Wakusanyaji wangetoana macho. Likiwa na maji yake halina bei. Yakivuja tu, kokoto."

Shemeji akarudi. "Haya, mzee, tuambie."

Mume wangu akaliweka jiwe mezani. Nilijua anavyopigana na nafsi yake, maana hakuwahi kulisingizia jiwe, hata la rafiki, hata la adui. Akamtazama mjane, kisha akainamisha kichwa.

"Halina kitu," akasema. "Kokoto la mtoni, limeingia maji kwenye ufa. Hakuna atakayelitaka."

Mjane akafumba macho. Na mimi nikashusha pumzi, nikasema moyoni, hongera baba, leo umekuwa mtu.

"Afadhali," shemeji akasema. Wala hakukasirika, sauti yake ilikuwa ya huruma, na hilo ndilo linaloniuma. "Umesikia, shemeji? Ndugu yangu hayumo humu. Tulimalize hili, upate kulala." Akaokota nyundo ya kazi pale mezani.

"Hapana!" mume wangu akaruka, lakini wapi.

Jiwe lilipasuka kwa pigo moja. Maji yakatoka, hata kijiko hayajai, yakatanda mezani. Na pale pale ikasikika pumzi moja ndefu, kama ya mtu anayetua mzigo. Tulikuwa wanne chumbani, na wote wanne tulikuwa tumeshikilia pumzi zetu.

"Maji tu," shemeji akasema. Akaiweka nyundo chini, akatoka bila kuaga.

Mjane hakulia. Alimgeukia mume wangu, tena bila hasira. "Ungesema kweli wangeliuza," akasema. "Angekuwa kwenye kabati la mtu nisiyemjua. Lakini angekuwepo."

Ulimi akachukua kitambaa ili asafishe meza. Mjane akamdaka mkono.

"Usimfute, kaka. Mwache akauke mwenyewe."

Tukaketi sote watatu, taa ikiwaka mchana kweupe, tukayatazama maji yakipungua mpaka meza ikawa kavu.